Sura ya Saba Yafika Sugoi

Profesa Otiende bado amesimama pale pale, kitabu mkononi, miwani kwenye ncha ya pua, na ukumbi mzima umenyamaza hadi tunasikia vikombe vikipangwa jikoni.

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, au ulilifungia nyama kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi. Chama cha wahitimu wa chuo chetu hapa Eldoret kilikuwa kinazindua vitabu vipya tisa, vyote vya watu waliosomea humu humu. Changu hakikuwemo. Kamati ilisema bado kinahitaji kuiva. Sina kinyongo, na majina ya wanakamati ninayo.

Kitabu kilichongojwa kuliko vyote ni riwaya ya mapenzi ya Mwalimu Lynette Akello, Mvua ya Saa Tisa. Profesa ndiye mgeni wa heshima, akaombwa awasomee watu aya moja tamu. Akafungua katikati, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti yake ya kufungisha ndoa:

"Kabla ya kumkamua, mwoshe kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kisha umpanguse taratibu."

Hapo ndipo nilipowaachia. Jumbe zenu nimezipata, hata zile za matusi.

Sasa, Profesa, kwa kuwa ni Profesa, alidhani hiyo ni fasihi. Akaendelea. Akasoma kwamba akionekana na uvimbe upande mmoja atengwe na wenzake. Wasichana waliokaa nyuma wakaanza kufunika midomo. Alipofika kwenye sindano na idadi ya siku za kumwaga maziwa, mtu mmoja wa safu ya pili akainuka, akasema kwa heshima zote kwamba hayo ni maneno yake.

Huyo alikuwa Daktari Jeconia Omollo, daktari wa mifugo, mkazi wa mtaa wa West Indies hapa Eldoret, naye mhitimu, naye mwandishi. Kitabu chake ni Lita Thelathini kwa Siku: Mwongozo wa Mfugaji. Alisema ile ni sura yake ya nne, ameiandika upya mara sita, na mtu akimwamsha usingizini ataisema bila kukosea.

Basi watu wakaanza kufungua vitabu. Ndani ya jalada la Mvua ya Saa Tisa, lenye kijana na msichana wamekumbatiana juu ya kilima, kulikuwa na ng'ombe kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na ndani ya Lita Thelathini, lenye picha ya ng'ombe mmoja mnene anayekutazama usoni bila haya, kulikuwa na mapenzi matupu.

Unauliza ilikuwaje mtu asigundue mapema? Basi wewe si wa huku.

Chama kilichapisha vitabu vyote kwa pamoja, saizi moja, kurasa mia moja sitini kila kimoja, ili asiwepo mhitimu wa kujiona mkubwa. Lori likakwama Timboroa kwa sababu ya ukungu, likafika asubuhi ya uzinduzi. Na maboksi yalipofika, nani angethubutu kuyafungua? Kwetu boksi la vitabu halifunguliwi kabla Mchungaji hajaliombea na mgeni wa heshima hajakata utepe. Hata mwandishi mwenyewe hana ruhusa. Akello alikaa juu ya boksi la kitabu chake saa mbili nzima akinywa chai, na hakuchungulia. Mchungaji naye aliomba vizuri sana. Aliomba kila kitabu kimfikie msomaji aliyekusudiwa.

Ukumbi ukacheka hadi viti vikalia. Nilicheka mimi, tena kwa roho nyeupe kabisa. Akello pia alicheka. Alicheka kama nusu dakika hivi, halafu nikaona kicheko kinamkauka usoni.

Akamgeukia mchumba wake, Dennis Kipkorir, akamuuliza mama yake yuko wapi.

Kipkorir akamwambia Mama ameshaondoka. Meza ya mauzo ilifunguliwa mara tu utepe ulipokatwa, Mama akanunua kitabu kimoja, akakitia kwenye mkoba, akaenda zake awahi kukamua. Hotuba angesimuliwa.

"Alinunua kitabu gani?"

"Ile ya ng'ombe. Si unamjua. Anasema riwaya ni za watu hawana ng'ombe."

Akello akashika meza kwa mikono miwili.

Ngoja nikueleze kwa nini, maana moto wenyewe uko hapa. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi, yaani keshokutwa yake, Mama Esther Jepkemboi wa Sugoi alitarajiwa kupanda gari pamoja na wazee wa ukoo, waende hadi Ahero kwa kina Akello kumposea Kipkorir. Wenyewe wanaita koito. Mama akipanda gari, kuna arusi. Asipopanda, hakuna, kwa sababu katika boma lile wazee husema neno la kwanza na Mama Esther husema la mwisho.

Na Mama Esther anampenda Akello kwa sababu moja. Siku ya kwanza msichana alipopelekwa Sugoi, miaka miwili iliyopita, Mama alimwekea mursik, yale maziwa yanayolala kibuyuni pamoja na unga wa mkaa hadi yawe na rangi ya mawingu. Na msichana wa ziwani akamaliza vikombe vitatu. Mama amelisimulia jambo hilo kanisani, amelisimulia sokoni, amemsimulia hata daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba. Husema kwamba wasichana wetu wenyewe siku hizi wanakunja pua, na huyu wa Ahero akamaliza vitatu.

Sasa sikiliza sura ya saba ya Mvua ya Saa Tisa. Msichana anapelekwa kwa kina mchumba. Anapewa mursik. Haipiti kooni. Mama wa nyumba akigeuka, msichana anamimina kikombe kizima kwenye mkebe wa maua ulio dirishani. Mama anarudi, anaona kikombe kitupu, moyo wake unajaa, na kwa desturi ya ukarimu anakijaza tena. Msichana anamwaga. Mama anajaza. Idadi ya vikombe unaijua.

Kwa nini aliandika? Kwa sababu mwandishi hawezi kukaa na siri, ndiyo maana hata mimi sina marafiki wengi. Tena alijiona yuko salama. Mama Esther husoma Biblia, na husoma mambo ya ng'ombe. Riwaya angeisomea wapi?

Msomaji wangu, Mama Esther alikuwa njiani kwenda Sugoi, na sura ya saba ilikuwa kwenye mkoba wake, imevaa ngozi ya ng'ombe.

Kipkorir ni mpima ardhi, mtu wa mistari iliyonyooka. Hakuuliza maswali. Alichukua funguo za pikapu, Akello akanyakua nakala moja ya Mvua ya Saa Tisa mezani, wakatoka. Walimpigia Mama simu mara saba. Mama akikamua hashiki simu, na akisoma hashiki simu, na hapo hawakujua ni lipi la kuombea.

Wakaacha lami. Mvua ikaanza. Sitanii, ilikuwa saa tisa na dakika zake, na barabara ya murram ikawa sabuni. Hapo ndipo alipomweleza Kipkorir yote, kikombe kwa kikombe, akiangalia nje.

Alidhani atacheka. Hakucheka. Aliendesha kidogo, halafu akauliza ni mkebe gani.

"Ile ya rangi," Akello akasema. "Ya dirishani."

"Ile ilikuwa na ua nyekundu?"

"Ndiyo."

Kipkorir akasimamisha pikapu katikati ya barabara.

"Akello, hiyo ua ilikufa."

"Najua. Nilisikia imenyauka, nikanyamaza."

"Sasa sikia yenye hujui. Mama alisema ni Maximilla ameiangalia na jicho mbaya. Hawajasalimiana tangu hiyo siku."

Maximilla ni jirani, ua wa miti tu ndio unaowatenganisha. Yeye na Mama Esther walichangia fahali, walichangia safu kanisani, na kulikuwa na kijia kati ya jikoni zao kilichokuwa hakioti nyasi kwa jinsi walivyokipita. Siku Akello alipokuja kwa mara ya kwanza, Maximilla alikuwa amesimama dirishani asubuhi akalisifu lile ua, akasema hajawahi kuona jekundu kama hilo. Siku nne baadaye ua likalala. Mama Esther akajumlisha moja na moja, akapata jicho. Kijia kimeota nyasi miaka miwili sasa.

Ninayajua haya kwa sababu Maximilla ni mke wa mjomba wangu. Yote nitakayokuambia ya Sugoi nimeyapata kwake, na Maximilla hadanganyi, isipokuwa ukimuuliza ng'ombe wake anatoa lita ngapi.

Akello akalia. Hakulilia koito, ingawa koito ilikuwa inamponyoka. Alisema amekaa miaka miwili akisifiwa kwa uongo, huku mwanamke mwingine, jirani tu, akibeba adhabu yake. Alijiona mchafu. Kipkorir akampa kitambaa cha kufutia kioo cha gari, akatia gia.

Mpango wao ulikuwa mwepesi. Mama ana jalada la ng'ombe lenye mapenzi ndani. Wao wana jalada la mapenzi lenye ng'ombe ndani. Wanabadilishana naye, wanasema ni makosa ya kiwandani, ambayo ni kweli, na sura ya saba inarudi mjini kabla haijasomwa.

Walimkuta Mama Esther sebuleni. Ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa. Hilo peke yake lilimtisha Kipkorir, maana mara ya mwisho ng'ombe wa boma lile kucheleweshwa ilikuwa msiba.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, miwani usoni, kidole juu ya mstari. Kwenye kona, karibu na jiko la makaa, alikuwa Gogo chini ya blanketi lake. Gogo ni mama mkwe wa Mama Esther. Ana miaka tisini na miwili, na kwa miaka sita sasa ukimwita haitiki. Nyumba nzima inajua hasikii kitu.

"Karibuni, kaeni," Mama akasema, macho bado kitabuni. "Msiongee kwanza."

Wakakaa. Akello akanyoosha shingo kuangalia namba ya ukurasa. Sabini na nane. Sura ya saba inaanza ukurasa wa themanini na moja.

Kipkorir akajikakamua. Akaeleza kwa upole kwamba mtambo ulikosea, kwamba hicho kitabu si chenyewe, na kwamba amemletea cha sawasawa. Akamkabidhi.

Mama Esther akakishika kile cha pili, akatazama jalada. Akamtazama kijana juu ya kilima, akamtazama msichana, akatazama mikono ya kijana ilipo. Akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Kipkorir, unataka Mchungaji anikute na hii?"

Kipkorir akasema ndani ni ng'ombe watupu, Mama afungue aone. Mama akasema haijalishi ndani, watu wa Sugoi watamwona nayo kutoka nje. Isitoshe hiki alicho nacho anakielewa. Mwanzoni alishangaa kidogo, alisema, mbona kurasa ishirini na ng'ombe hajatokea, ni msichana tu na mvua. Halafu akafahamu kwamba Daktari Omollo anafundisha kwa mifano, kama Bwana Yesu. Ng'ombe atatokea. Na hata asipotokea, anataka kujua kama yule msichana ataolewa.

"Huyo daktari ameandika vizuri," Mama akaendelea. "Mimi sikujua mtu wa kutibu ng'ombe anaweza kujua moyo wa mwanamke hivi. Kuna mahali nimelia. Mimi, Esther, nimelia juu ya kitabu."

Hebu jiweke hapo alipokaa Akello. Umeandika kitabu miaka mitatu. Msomaji wako wa kwanza amekisoma hadi machozi, yuko mbele yako, na sifa zote zinakwenda kwa Jeconia Omollo wa West Indies. Fungua mdomo useme ni changu, na umejifunga kwa sura ya saba. Maximilla anasema msichana alifungua mdomo mara mbili akaufunga mara mbili, kama samaki kwenye ndoo. Mimi namwelewa. Ningesifiwa hivyo mimi, ningesema hata kama ningefukuzwa.

Mama akavua miwani, akasugua macho. Akasema mwanga umepungua kwa sababu ya mvua, na si wamempata mwalimu hapa? Akamwekea Akello kitabu mapajani.

"Nisomee, mwanangu. Sura ya saba."

Akello akasoma. Angefanya nini? Alisoma jinsi msichana alivyoshuka kwenye gari, jinsi matope yalivyomvua kiatu, jinsi mama wa nyumba alivyokuja kumpokea akiwa amefunga kitambaa kipya. Mama Esther akatabasamu. Akasema huyo mama ana adabu.

Kibuyu kikaingia kwenye hadithi. Akello akageuza ukurasa. Akafika pale msichana anapotazama dirishani, na hapo macho yake yakaacha karatasi.

Akasoma kitu ambacho hakijaandikwa. Alisoma kwamba msichana alikinywa kikombe, akakipenda, akakimaliza, na mama wa nyumba akajaza, naye akakimaliza cha pili, na cha tatu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Walimu wanaweza. Mama Esther akapiga goti lake kwa kofi, akasema ni kama Akello, ni kama Akello kabisa. Kipkorir akaanza kupumua.

"Hapo umeruka."

Sauti ilitoka mlangoni. Wote wakageuka.

Maximilla alikuwa amesimama kizingitini tangu zile sifa za daktari, gambuti zimejaa matope, mwavuli umepinduka, na kifuani amekumbatia ng'ombe yule yule mnene asiye na haya. Kidole chake kilikuwa ndani ya kitabu. Hata yeye anafuga, hata yeye alikuwa ukumbini, upande wa pili ili wasikutane, na hata yeye alinunua. Tofauti ni kwamba yeye husoma haraka. Na alikuwa ameupita ule ua wa miti kwa miguu yake, kwa kile kijia cha nyasi, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili.

Hakumsalimia mtu. Alifungua ukurasa wa themanini na nne, akasoma kama mtu anayesoma tangazo la chifu. Alisoma mkebe. Alisoma dirisha. Alisoma kikombe cha kwanza, cha pili na cha tatu. Alisoma jinsi ua jekundu lilivyoinamisha kichwa siku ya nne, na jinsi msichana aliposikia hilo alivyokaa kimya kwa woga. Alipomaliza akafunga kitabu.

"Esther," akasema. "Ilikuwa maziwa."

Mama Esther hakumtazama Maximilla, wala hakumtazama Akello. Alitazama dirishani. Mkebe wa rangi ulikuwa bado pale, na kijiti kikavu ndani. Miaka miwili alikataa kuutupa. Aliuweka kama ushahidi.

"Nani ameandika hii kitabu?" akauliza.

Kipkorir, mtu wa mistari iliyonyooka, akapinda kwa mara ya kwanza maishani. Akasema ni Daktari Omollo.

"Daktari Omollo alikuja hapa kwangu," Mama akasema polepole, "akamwagia maua yangu mursik?"

Akello akasimama.

"Ni mimi, Mama. Kitabu ni changu, na mwenye alimwaga ni mimi. Kipkorir hakujua mpaka leo. Nilikuwa naogopa utanikataa." Akamgeukia Maximilla. "Na wewe Mama, nimekukosea kuliko wote. Sikujua umewekelewa makosa yangu, lakini nilijua ua imekufa na nikanyamaza."

Maximilla anasema alikuja na maneno yake tayari, ameyapanga kwa miaka miwili. Yote yakamtoka kichwani. Alibaki amesimama na mwavuli wake, maji yakichuruzika sakafuni.

"Maximilla, kaa," Mama Esther akasema.

Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu ua kufa. Maximilla akakaa kwenye kiti kile alichokuwa akikaa zamani, cha karibu na redio, akaanza kujifuta macho kwa pembe ya leso akisema ni mvua.

Mama Esther akaingia jikoni. Walimsikia akitikisa kitu. Alirudi na kibuyu, kile chake cha wageni chenye shanga shingoni, na kikombe kimoja. Akamimina taratibu mpaka juu. Harufu ya moshi na ya ukali ikajaa sebule, na Akello, maskini, akazuia pumzi.

Mama akaweka kikombe mezani mbele yake. Halafu akaenda dirishani, akachukua mkebe wa rangi na kijiti chake kikavu, akauweka pia mezani, kando ya kikombe, karibu kabisa.

Akarudi kwenye kiti chake. Akavaa miwani.

"Haya," akasema. "Leo sigeuki."

Kipkorir akatazama viatu vyake. Maximilla akaacha kujifuta. Akello alitazama kikombe, akatazama mkebe, akamtazama yule mama ambaye Jumamosi angepanda gari au asingepanda. Alinyoosha mkono. Ulikishika kile kikombe, ukakiinua hadi nusu ya njia.

Akakirudisha mezani.

"Mama, siwezi kukunywa. Nimejaribu hata kwangu nyumbani, mlango umefungwa, nikajilazimisha, haipiti. Lakini siwezi kumwaga tena. Hata kama Jumamosi hamtakuja."

Akakaa. Akaweka mikono mapajani, akangoja neno la mwisho la boma lile.

Mama Esther akavua miwani. Kisha akamwambia Kipkorir aende akaangalie ng'ombe, kwani wamekamuliwa na nani? Kipkorir akasema mvua ni kubwa. Mama akamtazama. Kipkorir akaenda.

"Maximilla, funga mlango. Hiyo dirisha pia."

Maximilla akafunga. Mama Esther akasogeza kiti karibu na meza hadi magoti yake yakagusana na ya Akello. Akainama, akashusha sauti, ingawa mtu pekee aliyebaki wa kuogopwa alikuwa ni yule asiyesikia.

"Mwaka wa themanini na moja nililetwa hapa nikiwa bibi arusi," akasema. "Nilikaa hapo hapo umekaa. Yule pale ndiye alinimiminia." Akaelekeza kidevu kwenye kona. "Sijawahi kuambia mtu. Hata baba yake Kipkorir alikufa bila kujua. Sasa nitakuambia mimi nilikuwa namwaga wapi."

Na kule kwenye kona, chini ya blanketi, Gogo, ambaye kwa miaka sita hajamsikia mtu, akafungua jicho moja.